Emmah na Ndama Aliyekataliwa

Kituo cha Majani Chai,
Gesima, Nyamira.
Jumapili, 2 Novemba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Angwenyi, pamoja na wifi yangu Benter,

Hamjambo huko Doha? Sisi huku hatujambo, tukiondoa magoti ya mzee wangu Nyabuto, ambayo siku hizi yanatabiri mvua kuliko redio. Mvua yenyewe imenyesha wiki tatu mfululizo. Ile ya mawe ilipita mara moja ikachanachana majani upande wa chini, lakini shamba limeshaanza kuchipua tena. Natumaini joto la huko limepungua, na kwamba wewe Angwenyi umepona kile kikohozi unachokificha kwenye simu. Mimi hunifichi kitu, nimekubeba mgongoni.

Naandika kwa Kiswahili ili Benter naye asome kwa macho yake bila kukuomba umtafsirie. Nakujua. Ukitafsiri, unaruka yale yasiyokupendeza. Na nimeandika kwenye karatasi badala ya kupiga simu kwa sababu kila nikifika kwenye jambo lenyewe simu yako hukatika, na sina hakika kama siku zote ni mtandao. Barua hii inabebwa na Ogada, kaka yake Benter, anayerudi huko kazini Alhamisi. Nimempa pia unga wa wimbi na mboga ya chinsaga iliyokaushwa. Benter, uilowese usiku kucha, usiwe na haraka nayo.

Jambo lenyewe ni mtoto wenu Emmah. Msishtuke, haumwi. Amerefuka, sketi ya shule imebidi niiteremshe pindo, na jino la pembeni lililokuwa likimsumbua limeng'oka lenyewe.

Mnakumbuka mwezi wa saba nilipowasomea matokeo yake. Ufahamu, alama tisa kwa thelathini. Angwenyi, ulisema Januari mtoto aende bweni, mahali ambapo hakuna upuuzi wa hadithi, ni vitabu vya darasa tangu alfajiri. Nami nilikubali. Sikukubali shingo upande. Nilikubali kwa moyo wote, na nikaongeza maneno yangu makali juu. Leo nakuja kuyala maneno hayo, na ninaomba mnisikilize mpaka mwisho.

Kosa lilianzia kwetu sisi tuliomlea. Mtoto huyu tulimsifu mapema. Tangu akiwa Gredi ya Pili amekuwa akisimama kanisani siku ya Sabato kusoma mafungu, sauti imenyooka, hakwami hata kwenye majina ya wafalme, na kanisa lote linaitikia amina. Mimi nikiwa benchi la tatu, shingo imenyooka kama mtu aliyemzaa. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwuliza, mtoto, umesoma nini? Tulisikia kishindo tukadhani kuna mzigo. Lori la kiwanda nalo hupiga kelele zaidi likiwa tupu, na mimi karani wa kituo ninayelipokea kila siku ningepaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote.

Aliyetufungua macho ni Mwalimu Ochoki. Aliniita shuleni, akampa Emmah habari fupi mbele yangu, ya mzee aliyepoteza jembe lake njiani. Akaisoma kama maji yanavyoteremka. Mwalimu akamwuliza nani amepoteza jembe. Emmah akatazama dari. Akaulizwa tena, akaanza kuisoma habari upya toka mwanzo, kwa sauti ileile nzuri. Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa dawa niliyompa ndiyo nataka mjue, maana nimeificha. Mwezi wa nane nilikwenda Kisii mjini kununua madaftari kwa Bi Kavita, yule mwenye duka la vitabu ambaye baba mkwe wake alikuwa akimpa marehemu mama peremende. Paa la stoo yake lilikuwa limevuja, na vitabu vya hadithi vya Kiswahili vikalowa kingo. Akanifungia kumi na viwili bure. Akaniambia, "Chukua, Mama. Mtoto hajali kama kitabu imelowa." Niliona aibu kukataa. Lakini nilipofika Gesima nilivificha, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kwamba hakuna tena hadithi nyumbani. Na kwa akili zangu nyingi, nikaenda kuvificha kwenye kile chumba kidogo cha kituo, nyuma ya magunia, mahali ambapo mtoto huja kila siku baada ya shule kunisubiri nimalize kupima majani.

Cheka tu, Angwenyi.

Wiki nzima nilimwona amejikunja pale pembeni, kichwa chini, nikafurahi nikisema sasa anashika masomo. Halafu siku moja akacheka. Hakuna binadamu anayecheka na kitabu cha hesabu. Niliacha mizani nikamwendea kwa hasira, nikamkuta na kitabu chenye kingo za kahawia, na nikanyoosha mkono nikinyang'anye.

Mama mmoja akanizuia. Ni mzee Nyangate, mnamfahamu, yule mjane wa kule bondeni anayechuma peke yake na bado kikapu chake huwa kizito kuliko vya wasichana. Lori lilikuwa limechelewa kama kawaida, na wanawake kama kumi na watano walikuwa wamekaa kwenye meza za majani wakisubiri. Nyangate akasema, "Mwache. Kwanza atuambie ni nini inamchekesha, na sisi tucheke."

Emmah akasimama, akaweka ile sauti ya kanisani, akaanza. Hakumaliza hata ukurasa. Nyangate akampungia mkono. "Hiyo Kiswahili yako inakimbia, inanipita. Mimi sikuenda shule. Tuambie kwa lugha yetu imesema nini."

Mtoto akakwama. Nilijua kabisa kinachoendelea, kwa sababu nilikuwa nimekiona ofisini kwa mwalimu. Lakini hapa hapakuwa na mwalimu wala alama, palikuwa na wanawake waliochoka na wanataka kucheka. Hawakumwonea huruma, na hawakumkaripia. Walisubiri tu. Akarudisha macho kwenye ukurasa, akasoma polepole, midomo ikitikisika, kisha akainua kichwa akawaeleza sentensi moja kwa Ekegusii. Wakataka ya pili. Mpaka lori linafika, Angwenyi, alikuwa amewasimulia kurasa mbili. Mbili tu. Na mtoto huyohuyo alikuwa akimaliza sura nzima ya Biblia kabla mchungaji hajavaa miwani.

Kesho yake wakamwita tena, na kesho kutwa. Niliwaachia. Nilijiambia kwamba ni mpaka lori lifike tu. Jambo nililoliona ni kwamba alianza kukisoma kitabu mapema, peke yake, kimya, ili asikwame mbele yao. Kisha akawa anasoma zaidi ya anachohitaji, kwa sababu alitaka kujua yatakayotokea kabla ya Nyangate. Vitabu vitatu vikaisha. Nikimtuma maji anakwenda na kitabu kwapani. Wachumaji nao wakawa wanafika kituoni mapema, majani yao bado mabichi kabisa, na mimi karani wa mizani ndiye niliyekuwa nikipata sifa kutoka kiwandani.

Kitabu cha nne kilikuwa na hadithi ya mama mmoja mfinyanzi. Ana ng'ombe mmoja, na anampa jirani yake amtunze na kumkamua, desturi ambayo hata hapa kwetu wazee waliifuata. Maziwa ni ya anayetunza, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Baada ya muda ng'ombe anazaa, na jirani, kwa uaminifu wake, anakuja na mtoto wake kumleta ndama. Mama mfinyanzi anamtazama, anatabasamu, na anamkataa. Anawaambia warudi naye nyumbani. Hadithi imeishia hapo.

Wanawake wakawaka moto. Mkisikia bunge, mje mlione kwenye kituo chetu. Karibu wote walimhukumu yule mama kuwa mjinga. Ndama ni wake kwa haki, anawezaje kumwacha? Mmoja akasema amerogwa. Mwingine akasema jirani huyo bila shaka alikuwa amemtisha. Mimi mwenyewe nikaacha kupima nikatoa hukumu yangu, kwamba mwandishi hajui mambo ya ng'ombe. Tulimsoma yule mama kwa desturi yetu tukamkuta na hatia.

Nyangate peke yake alingoja mpaka kelele zikaisha. Kisha akamwuliza Emmah, "Umesema alitabasamu. Mtu hakatai mali yake huku akitabasamu. Alikuwa anatabasamia nini?"

Emmah akatazama ukurasa. Akafungua wa nyuma yake. Akasema haijaandikwa.

"Basi tafuta," Nyangate akamwambia. Kuuliza si ujinga, lakini swali hilo niliona ni la kumtesa mtoto. Kama haijaandikwa, haijaandikwa.

Siku mbili Emmah hakutoa hadithi mpya. Kituoni alikaa na kitabu kilekile, akikifunua mbele na nyuma. Nyumbani alikula kimya. Nyabuto akaniuliza kama nimempiga. Nikaanza kuogopa kwamba tumemvunja moyo na atarudi kutazama dari.

Siku ya tatu alikuja mbio kutoka shuleni, hata mkoba hakuuweka chini, akaenda moja kwa moja kwa Nyangate. Nitawaandikia alivyosema, kwa kadiri nilivyoyashika. Alimwita bibi kwa lugha yetu, akasema, "Magokoro, nimeipata. Hapa mwanzoni, jirani ana mtoto mgonjwa, hawezi kusimama, mama yake anambeba kumpeleka choo. Na hapa mwisho, anayevuta ndama kwa kamba ni huyo mtoto. Anatembea. Ni maziwa. Yule mama haangalii ndama, anaangalia miguu ya mtoto."

Nilichukua kitabu mkononi mwake nikatafuta mwenyewe, maana mimi ni mtu wa mizani, sikubali uzito nisiouona. Ukurasa wa sita, mtoto anabebwa. Ukurasa wa thelathini na moja, mtoto ameshika kamba. Katikati hakuna neno hata moja linalounganisha hayo mawili. Yule mtoto wa miaka kumi, aliyeshindwa kusema ni nani aliyepoteza jembe, alikuwa ameunganisha kichwani mwake kitu ambacho sisi wanawake kumi na watano, pamoja na karani wao, tulikiruka. Nyangate alivuta kitambaa chake cha kichwa akajifuta macho, akasema, "Na mimi ningemwacha huyo ndama." Kisha wote wakaanza kusema kwamba hata wao wangemwacha, wanafiki wakubwa.

Nimeishi miaka hamsini na mbili. Nimeona mvua ya mawe ikisawazisha shamba kwa dakika kumi, na nimeona shamba hilo likirudi. Sijaona kitu kilichonishangaza kama uso wa Emmah siku hiyo. Hakuwa akingoja amina. Hata hakututazama. Alikuwa bado anaangalia ukurasa, kana kwamba yule mtoto angeweza kutembea zaidi akiendelea kumtazama.

Najua utauliza matokeo, Angwenyi, kwa hiyo haya hapa. Mtihani wa mwezi wa kumi, ufahamu, alama ishirini na nne kwa thelathini. Mwalimu Ochoki alishuku ameiba majibu. Alimwita akampa habari nyingine asiyoijua, ya Kiingereza safari hii, na Emmah akajibu, kisha akamwuliza mwalimu kwa nini mtu wa kwenye habari alidanganya wakati hakuna aliyemwuliza. Mwalimu aliniambia hajawahi kuulizwa swali hilo tangu aanze kutumia habari hiyo. Nikataka kujua ni dawa gani hii. Akasema si ya miujiza. Mtoto anayesoma anachokipenda husoma kingi bila kulazimishwa, na akisoma kingi, macho yake hayahangaiki tena na maneno, yanabaki na nafasi ya kufikiri. Amewaona wengine wawili watatu wa namna hiyo katika miaka yake ya kufundisha. Akaongeza kwamba kumweleza mtu asiyesoma, kwa lugha yake ya nyumbani, mtu ambaye hakubali kudanganywa, ni ukaguzi mkali kuliko wake. Nilipomfikishia Nyangate hilo, aliuliza kama atapewa mshahara.

Kabla sijasahau, ile miche ya parachichi uliyoagiza nimeipanda kando ya mpaka. Saba imeshika, mmoja uliliwa na mbuzi wa jirani, na mbuzi huyo nimemsema mpaka mwenyewe akaomba radhi. Mchungaji naye anauliza lini mtatuma picha za kanisa lenu la huko.

Sasa turudi kwenye Januari. Nimekwenda kuitazama shule uliyoichagua. Majengo ni mazuri, chakula sikukidharau. Lakini langoni kuna karatasi yenye orodha ya vitu visivyoruhusiwa, na kati ya simu na pipi wameandika vitabu vya hadithi. Niliuliza kama wamekosea. Mama wa bweni akanijibu, "Hapana, Mama. Hapa wanakuja kusoma."

Sisemi bweni ni baya. Wewe ulikaa bweni ukapata kazi. Nasema tu kwamba mtoto amepata mlango, na huko wataufunga wakidhani wanamsaidia, kama nilivyokuwa nikidhani mimi. Angwenyi, wewe ungepoteza mtoto anayefikiri ukabaki na mtoto anayesoma kwa sauti nzuri. Yeye angepoteza kituo na wale mama zake kumi na watano. Mwacheni amalize Gredi ya Sita hapa, kisha tuongee tena.

Nyabuto anawasalimu sana, pamoja na magoti yake. Mzee Nyangate anamsalimu Benter na kusema amezaa vizuri. Msalimieni Ogweno na familia yake hapo jirani yenu. Mungu awape afya na riziki isiyo na machozi, na awarudishe nyumbani mkiwa wazima, mkute mlango uko wazi na chungu kiko motoni.

Nilikuwa nimeishia hapo. Nimempa Emmah aisome, aniangalizie makosa, kwa kuwa ni yeye anayesemwa. Ameisoma kimya, kwa muda mrefu, amekaa kwenye ngazi ya jikoni. Kwenye mbuzi alicheka. Alipomaliza hakunirudishia. Aliuliza, "Shangazi, umeandika baba atapoteza nini. Umeandika mimi nitapoteza nini. Mbona wewe hujajiandika?"

Nikamwambia barua si yangu, ni yake. Akaniangalia vilevile alivyokuwa akiuangalia ule ukurasa, kisha akaenda kuwafungia kuku.

Basi najiandika. Mungu hakunipa mtoto, na mimi na Nyabuto tulikwisha kulikubali, au tulisema hivyo ili watu waache kutuombea. Mlipomleta huyu akiwa na miaka mitano, mlisema ni wa kutunza tu mpaka mjipange. Nimemtunza. Ni wenu, na siku mtakayosema aje kwenu au aende bweni, nitalifunga sanduku lake kwa mikono yangu na kumsindikiza mpaka langoni bila kulia mbele yake. Lakini sitaki aende. Nataka jioni lori lichelewe, na nimsikie. Kurasa zote hizi nimezungumza juu ya alama na mlango na orodha ya langoni, na ukweli ni kwamba naogopa nyumba hii bila yeye.

Kipande hiki cha mwisho sitampa akisome. Hana haja. Alikisoma kabla sijakiandika.

Ni mimi dada yenu, ninayewapenda kuliko ninavyowakaripia,

Bathsheba